Ni wito, ni pepo au ni ugonjwa?

Jumatatu moja ya mwezi wa Machi, kabla ya saa nne asubuhi, niliwaona wagonjwa wawili katika kliniki yangu mjini Ruiru. Wote wawili walikuwa wakisikia sauti ambazo watu wengine hawazisikii.

Wa kwanza alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mkazi wa Makongeni, Thika. Mumewe alikuwa amefariki miezi mitano iliyotangulia. Kila jioni akiwasha jiko humsikia marehemu akikohoa mlangoni, na mara mojamoja humsikia akimwita kwa jina la utani walilolijua wao wawili tu. Wa pili alikuwa kijana wa miaka 22 kutoka mtaa wa Kimbo, mwosha magari, aliyeletwa na mamake. Alikuwa amefunga kwa siku 11, anakunywa maji tu, na usiku halali. Sauti ilikuwa imemwambia kwamba ameteuliwa kuwa nabii wa barabara kuu yote kutoka Thika hadi Nairobi, na kwamba madereva wa matatu wanaijua habari hiyo, ndiyo maana wanampigia honi.

"Daktari," mama yule aliniuliza, "huyu mtoto ameitwa ama ameingiwa?"

Ukiwauliza abiria wa matatu moja swali hilo, wengi watakuambia kwamba mjane ndiye wa kushughulikiwa haraka kwa sababu anasema na wafu, na kwamba kijana apelekwe kanisani akaombewe. Kitaalamu mambo ni kinyume. Mjane yule hakuwa na ugonjwa wa akili hata kidogo. Kijana alikuwa mgonjwa, tena mgonjwa wa kulazwa siku iyo hiyo.

Leo nataka nikueleze, msomaji, jinsi wanasaikolojia na madaktari wa akili wanavyopambanua mambo haya. Visa ninavyovitaja nimevibadilisha hapa na pale ili wahusika wasitambulike. Na kwa kuwa watu huchanganya majina, niseme mapema kwamba daktari wa akili amesomea udaktari na huandika dawa. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Kazi yake ni kusikiliza, kupima mwenendo na fikira, na kutibu kwa mazungumzo.

Tatizo lisilo ugonjwa

Kwa miaka mingi taaluma ya akili haikuwa na subira na dini. Sigmund Freud, yule daktari mashuhuri wa Vienna, aliandika mwaka 1907 kwamba ibada zinafanana na mazoea ya mgonjwa anayerudiarudia jambo moja bila kuweza kujizuia, na mwaka 1927 akaieleza dini kuwa njozi ya kujiliwaza. Madaktari wengi waliomfuata walishika fikira hizo. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyemweleza daktari habari za roho alijitia katika hatari ya kuandikiwa wazimu, kwa hivyo akanyamaza, akaeleza maumivu ya kichwa tu.

Mwaka 1994 hali ilibadilika kidogo. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilipotoa toleo la nne la mwongozo wake, unaotumiwa katika nchi nyingi, kiliingiza kifungu kipya: tatizo la kidini au la kiroho. Waliokipigania ni mwanasaikolojia David Lukoff pamoja na madaktari Francis Lu na Robert Turner. Kifungu hicho kimebaki katika toleo la tano la mwaka 2013 na katika masahihisho ya 2022. La muhimu kwetu ni mahali kilipowekwa. Hakimo katika orodha ya magonjwa. Kimewekwa pamoja na mambo mengine yanayoweza kumpeleka mtu mzima wa akili kwa mtaalamu, kama vile migogoro ya ndoa. Mifano iliyotajwa ni kupoteza imani au kuitilia shaka, taabu zinazotokana na kubadili dini, na kuhoji maadili ya kiroho hata kwa mtu asiye na kanisa wala msikiti.

Hapa kwetu mifano hiyo ina sura za watu. Kuna msichana wa Kikatoliki anayetaka kuolewa na kijana Mwislamu wa Majengo, na pande zote mbili zimemtenga. Kuna mzee ambaye mwanawe aligongwa na lori pale Witeithie, na tangu siku ya mazishi hajaweza kusema neno "Baba yetu" bila kukabwa na hasira. Kuna fundi wa viatu anayeamini kwamba marehemu mamake alimwachia laana, ile ambayo Wakikuyu huiita kirumi, na ndiyo maana watoto wake hawamalizi shule. Kuna mama aliyetoa karo ya muhula mzima kuwa "mbegu" mbele ya madhabahu, muujiza haukuja, na sasa anamwonea Mungu haya kama anavyomwonea haya mwalimu mkuu.

Watu hawa hawaji kwangu wakisema wana tatizo la kiroho. Huja na vidonda vya tumbo, presha, mgongo na kukosa usingizi. Na si jambo dogo. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Kenneth Pargament na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, waliolazwa hospitalini Marekani na kufuatiliwa kwa miaka miwili. Wale waliohisi kwamba Mungu amewaacha, au waliotilia shaka upendo wake, au waliosema Shetani ndiye aliyewaletea ugonjwa, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, hata baada ya kuzingatia uzito wa maradhi yao. Nilipousoma uchunguzi ule mara ya kwanza nilijiuliza ni wagonjwa wangapi niliowaandikia dawa za tumbo na kuwaaga.

Mwili utangulie

Kabla ya mwanasaikolojia kuuliza lolote kuhusu roho, mtu anayesikia sauti au kuona maono mapya anapaswa kupimwa mwili. Hii ni kazi yetu sisi madaktari wa kawaida. Malaria kali na homa ya uti wa mgongo humfanya mtu aweweseke. Sukari ikishuka mno katika damu ya mgonjwa wa kisukari aliyejidunga insulini kisha akafunga kwa maombi, atazungumza ovyo, atatoka jasho, na akiachwa atazimia. Kaswende ya miaka mingi, virusi vya Ukimwi, ugonjwa wa tezi ya koo, bangi na muguka, vyote vinaweza kuvaa vazi la dini.

Kisa kimoja hunirudia mara kwa mara. Fundi wa ujenzi wa Githurai aliokoka Jumapili. Alikuwa mnywaji wa chang'aa kwa zaidi ya miaka kumi, na siku hiyo akaapa kutogusa tena. Jumanne mikono ilianza kumtetemeka. Jumatano usiku akawa anaona nyoka ukutani na kupiga mayowe. Waumini wenzake walifurahi, wakasema mapepo ya pombe yanatoka, wakamzunguka wakiimba. Kwa bahati dada yake aliwahi kufanya kazi ya usafi hospitalini na aliwahi kuona jambo kama hilo, akaita teksi. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kuingia katika hali hiyo kati ya siku ya pili na ya nne, na bila matibabu mtu anaweza kufa. Uamuzi wake wa kuacha pombe ulikuwa mzuri. Alihitaji tu dawa za kumshusha polepole, vitamini na uangalizi wa siku chache. Aliyeokoka na ana historia ya unywaji wa kila siku apitie kliniki kabla ya kwenda kwenye kesha.

Mwingine wa dharura ni mama aliyejifungua karibuni. Katika kila wanawake elfu moja wanaojifungua, mmoja au wawili hupatwa na ugonjwa mkali wa akili, aghalabu katika majuma mawili ya kwanza. Mara nyingi halali hata mtoto akilala, na hali yake hubadilika saa kwa saa. Akisema kwamba mtoto si wake, au kwamba ni shetani, au kwamba Mungu anamdai mtoto huyo, usiende kutafuta mwombaji kwanza. Mtoto ashikwe na mtu mwingine na mama apelekwe hospitali saa iyo hiyo. Ugonjwa huu unatibika, na wengi hupona kabisa.

Maswali manne

Mwili ukishapimwa, mazungumzo huanza. Mwanasaikolojia mzuri haulizi, "Je, kweli Mungu alisema nawe?" Hana chombo cha kupimia hilo, na si kazi yake. Wengi hutumia maswali yaliyotungwa mwaka 1996 na daktari wa Marekani, Christina Puchalski. Ukiyageuza kwa lugha ya kwetu ni kama hivi: Unaamini nini, au ni nini kinachokupa nguvu? Imani hiyo ina uzito gani katika maisha yako na katika ugonjwa huu? Una kundi la watu mnaoabudu pamoja, na wanakusaidia? Na ungependa mimi nifanye nini kuhusu jambo hili?

Lile la tatu ndilo hutoa mengi. Mama wa mbegu, kwa mfano, alijibu maswali mawili ya kwanza kwa ufasaha kama anayesoma shairi. Alipofika kwenye kundi la waumini alinyamaza, akaanza kuvuta uzi wa leso. Tangu muujiza ukose kutokea walikuwa wamemwambia kwamba imani yake ni haba, na hakuwa amekanyaga kanisani kwa miezi mitatu. Tatizo lilikuwa hapo, si tumboni.

Kanisa lake linasemaje?

Sasa tufike kwenye lile gumu, yaani kutofautisha imani na ugonjwa pale mtu anaposikia, anapoona au anapopandwa na roho. Kanuni ya kwanza katika miongozo yote mikubwa ni kwamba imani inayokubaliwa na jamii ya mtu haihesabiwi kuwa dalili ya wazimu, hata kama daktari mwenyewe haiamini. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linautambua ugonjwa wa kupandwa na roho, lakini linasema si ugonjwa ikiwa hali hiyo ni sehemu ya ibada au desturi inayokubaliwa na watu wake.

Nilijifunza kanuni hii kwa kuivunja. Nilipokuwa daktari mwanagenzi, kiasi cha miaka 20 iliyopita, aliletwa wodini mwanamke Mkorino, mwenye kilemba cheupe, amevunjika mkono. Usiku aliamka, akapiga magoti, akaanza kutetemeka na kusema kwamba Roho amemwonyesha moto juu ya mlima. Muuguzi aliogopa, nami nikaogopa zaidi. Nikaagiza adungwe dawa kali ya kutuliza wagonjwa wa akili. Alilala karibu siku mbili, mdomo mkavu, shingo imekakamaa. Mumewe alipokuja aliniuliza kwa upole sana kosa la mkewe lilikuwa nini, kwa sababu kwao kuona maono katika maombi ni jambo la kila juma. Sikuwa na jibu. Lau ningemuuliza swali moja tu mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye naye alikuwa Mkorino, ningejua.

Kwa hivyo wataalamu huuliza wenzake. Mwumini wa kawaida, hata awe na bidii namna gani, hubaki ndani ya mipaka inayojulikana na watu wa dini yake. Mgonjwa huivuka. Mchungaji wa yule kijana wa Kimbo nilimpigia simu mbele ya mama. Ni mtu anayeamini unabii, tena hutabiri mwenyewe. Alisema, "Daktari, huyu hata sisi hatumwelewi." Maneno hayo yalikuwa na thamani kubwa kuliko vipimo vingi.

Jambo jingine ni uwezo wa kuanza na kuacha. Mama Mpentekoste hunena kwa lugha Jumapili asubuhi, na saa nane mchana yuko jikoni anakanda unga wa chapati na kuwagombeza watoto. Mwaka 2006 Andrew Newberg na wenzake, kule Marekani, walipiga picha za ubongo wa wanawake wachache walipokuwa wakinena kwa lugha. Waliona kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayosimamia udhibiti wa maneno na matendo, ilipunguza kazi, jambo linalolingana na maelezo ya waumini wenyewe kwamba si wao wanaosema. Wanawake hao walikuwa wazima wa akili. Kijana wa Kimbo, kwa upande wake, hakuwa na saa ya kuanza wala ya kumaliza. Sauti ilimfuata chooni, kazini na ndani ya matatu.

Kisha mwanasaikolojia huangalia maisha. Analala? Anakula? Anaoga? Kazi anaifanya? Deni analipa? Imani hata ikiwa ngeni kwetu humjenga mtu, au angalau humwacha anaendelea na maisha. Ugonjwa humbomoa, na ukiuliza vizuri utakuta ubomoaji ulianza kabla ya habari za Mungu kuingia. Kijana wetu alikuwa ameacha kulala majuma mawili kabla ya kuanza kufunga. Alikuwa amegawa pesa zake zote za akiba kwa watu asiowajua stendi, anazungumza kwa kasi isiyoshikika, anaruka kutoka jambo hili hadi lile. Mfungo ulikuja baadaye.

Mwisho huangaliwa ujumbe wenyewe. Je, sauti inamfariji mtu au inamtukana? Inamwagiza ajidhuru au amdhuru mwingine? Inamfanya yeye kuwa kitovu cha dunia, hata honi za magari zikawa zinamhusu? Na je, anaweza kukubali, walau kidogo, kwamba huenda amekosea? Waumini wengi ninaowafahamu wana nafasi ya shaka na hata ya mzaha. Mgonjwa hana nafasi hiyo.

Hakuna hata moja kati ya alama hizi inayotosha peke yake. Mtaalamu huzikusanya, na mara nyingi huhitaji kumwona mtu zaidi ya mara moja.

Wasiwasi na jinamizi

Kiswahili kina maneno mawili yanayoonyesha kwamba wazee wetu waliyaona mambo haya zamani. La kwanza ni wasiwasi, lililotoka katika Kiarabu, na ambalo Waislamu hulitumia kwa ule mnong'ono unaomtilia mtu shaka katika ibada. Nimemtibu mwenye duka mmoja wa Thika aliyekuwa akirudia udhu mara kumi na tano, hadi ngozi ya mikono ikapasuka, kwa hofu kwamba tone moja halikufika kiwikoni. Wakatoliki nao wana watu wanaotoka kwenye kitubio na kurudi foleni papo hapo kwa kuogopa kwamba wamesahau dhambi. Huu si uchaji uliozidi. Ni ugonjwa wa fikira zinazorudi kwa nguvu, na unatibika kwa mazungumzo ya kitaalamu na wakati mwingine kwa vidonge. Alama yake ni kwamba imamu au padri akimwambia "inatosha", mgonjwa hutulia kwa dakika chache tu, kisha shaka hurudi. Kwa mwenye duka wetu, mwanasaikolojia alifanya kazi pamoja na imamu wake, wakakubaliana juu ya udhu wa mara moja tu, bila kurudia.

La pili ni jinamizi. Mtu huamka usiku akiwa hawezi kujinyanyua wala kupiga kelele, na kuna kitu kimemkalia kifuani. Wengi huambiwa ni jini au mchawi. Kwa kweli ubongo umeamka kabla ya misuli, kwa sababu katika ndoto mwili hufungwa usitembee. Huwapata sana watu wanaokosa usingizi wa kutosha, wakiwemo wafanyakazi wa zamu ya usiku viwandani Thika. Haina madhara.

Hatari ya kukosea

Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya Shetani nchini, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti yake ilikaa bila kutangazwa hadi mwaka 1999. Nilikuwa shule ya sekondari katika miaka hiyo na nakumbuka hofu iliyokuwapo mabwenini. Mwenzetu mmoja, mwerevu wa hesabu, alianza kujitenga, akaacha kuoga, akawa anacheka peke yake. Wanafunzi walisema ameingizwa katika ibada ya Shetani, na uongozi wa shule ukamrudisha nyumbani. Hakuna aliyemtajia daktari. Nilikuja kumwona tena nikiwa mwaka wa nne wa udaktari, katika wodi, akiwa ameugua kwa miaka saba bila matibabu. Dalili zile alizokuwa nazo bwenini ningezitambua leo nikiwa nimesimama mlangoni. Skizofrenia ikitibiwa mapema mtu hupata nafasi nzuri zaidi ya kurudi katika masomo na kazi. Ikichelewa, kila mwaka una gharama yake.

Hofu ya siku hizi ina sura nyingine. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na miili zaidi ya 400 ikapatikana, ya watu wanaodaiwa kufundishwa kufunga hadi kufa. Kiongozi wa kanisa lao na wenzake walishtakiwa na wakakana mashtaka. Tangu hapo nimeletewa watu wawili watatu ambao kosa lao lilikuwa kufunga siku tatu kama walivyofunga mama zao na nyanya zao. Hawakuwa na ugonjwa. Kwa mkasa wa aina ya Shakahola maswali ya mwanasaikolojia huwa tofauti kidogo, kwa maana tatizo huenda halimo katika akili ya mtu mmoja. Huuliza: Anaruhusiwa kuonana na jamaa zake? Anaweza kuondoka bila kutishwa? Ameuza shamba, ameacha kazi, ametoa watoto shuleni kwa agizo la mtu mmoja? Watoto nao wanafungishwa? Mtoto akinyimwa chakula au dawa hakuna tena cha kujadili kuhusu uhuru wa kuabudu. Hilo ni la polisi na la ofisi ya watoto.

Na kuna hatari ya kila siku ambayo haifiki magazetini. Msichana wa miaka tisa wa Kiandutu alikuwa na kifafa kilichotulizwa kwa vidonge vya bei nafuu. Katika mkutano wa maombi ilitangazwa kwamba amepona, na wazazi, kwa furaha, wakavitupa vidonge. Siku ya sita alianguka juu ya jiko la makaa. Mkono wake wa kulia haukunjuki hadi leo. Dawa ya kifafa haiachwi ghafla hata kama mtu hajaanguka kwa miaka miwili. Hupunguzwa kidogo kidogo na daktari. Dawa za Ukimwi, za presha, za kisukari na za akili nazo haziachwi bila daktari. Nimewahi kuulizwa kama ni dhambi kuombea vidonge. Waombee, nasema, kisha wameze.

Waende wapi

Anayetaka mwanasaikolojia au mshauri nasaha aulize kwanza kama amesajiliwa, kwa kuwa Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayohusu washauri na wanasaikolojia, na si kila bango la "ushauri nasaha" lina mtu aliyesomea. Hospitali kubwa ya umma iliyo karibu ndiyo mlango wa kwanza. Wanaohitaji kulazwa kwa muda mrefu huweza kupelekwa Mathari. Mgonjwa aje na mtu anayemjua tangu zamani, atakayeweza kueleza alivyokuwa mwaka jana. Akitaka kuja na mchungaji au imamu wake, aje naye.

Mjane wa Makongeni sikumwandikia dawa. Nilimsimulia habari za Dewi Rees, daktari wa kawaida kama mimi huko Wales, aliyewahoji wajane wa kike na wa kiume 293 na kuandika mwaka 1971 kwamba karibu nusu yao waliwahi kumhisi, kumwona au kumsikia marehemu, na wengi hawakuwa wamemwambia mtu. Alicheka, kisha akalia. Shida yake halisi ilikuwa kwamba wanawake wenzake wa ushirika walimwambia ile ni roho chafu na achome koti la marehemu, naye hakutaka kulichoma, akaacha kushiriki meza ya Bwana kwa kujiona mwenye dhambi. Hilo ndilo tatizo la kiroho lenyewe. Alizungumza na mshauri mara nne, na mzee wa kanisa lake mara moja. Koti bado lipo.

Kijana wa Kimbo alilazwa majuma matatu. Alikutwa na ugonjwa wa baipola, ambao hupandisha hisia za mtu hadi asilale na kujiona mkuu wa wakuu, kisha huzishusha. Amerudi kuosha magari, anameza dawa zake usiku. Alipotoka hospitalini alimuuliza mwanasaikolojia swali moja: ikiwa sauti ile ilikuwa ugonjwa, je, kuokoka kwake mwaka juzi, alipokuwa analala vizuri na kufanya kazi, kulikuwa ugonjwa pia? Mwanasaikolojia hakumjibu. Alimwomba aeleze siku ile ya mwaka juzi ilivyokuwa, tangu asubuhi, naye akaeleza kwa saa nzima. Juma lililofuata walimwalika mchungaji.